Meza, umeze au uwe unameza? Kuchagua maneno ya kumshauri mtu

Mwaka wangu wa kwanza kwenye duka la dawa hapa Tanga, alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kufuata dawa zake za presha. Nikamhesabia vidonge, nikamkabidhi, nikamwambia, "Meza kila siku, usiache." Akanitazama kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, hapa unanishauri au unaniamrisha?"

Sikuwa na la kujibu. Nilichomwambia kilikuwa kweli, maana dawa ya presha haiachwi kwa sababu tu kichwa kimetulia. Lakini mzee alichukua mfuko wake akaondoka bila kuuliza swali hata moja, na mteja asiyeuliza swali mbele ya dawa mpya ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote. Hakuuliza afanyeje akisahau siku moja. Hakuuliza kama anaweza kuimeza pamoja na dawa yake ya miguu. Maneno yangu yalimfunga mdomo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilinganisha namna mbalimbali za kusema jambo lile lile, nikiangalia ipi inamfanya mtu aulize na ipi inamfanya aitikie tu "haya" na kuondoka. Mifano yangu ni ya dawa kwa kuwa huko ndiko ninakoshinda kutwa. Anayemshauri mkwe kuhusu shamba, au mkubwa wake wa kazi kuhusu barua, atakuta sarufi ni hiyo hiyo.

Meza na umeze

"Vidonge hivi meza baada ya kula."
"Vidonge hivi umeze baada ya kula."

Kilichobadilika ni u- mbele na -e nyuma, lakini masikioni hizo ni kauli za watu wawili tofauti. *Meza* ni kauli ya mwenye mamlaka: mama kwa mtoto wake, kocha kwa mchezaji. *Umeze* ina nafasi ya mwambiwa ndani yake, na kabla yake kuna kitu kisichotamkwa, kama "ni vizuri" au "naomba", ambacho msikilizaji hukijaza mwenyewe. Kwa mtu mzima nisiyemjua, karibu kila mara nachagua *umeze*.

Sisemi kwamba amri ni utovu wa adabu. Mgeni akiingia nyumbani tunamwambia karibu, kaa, kula, kunywa chai, na moyo wake unafurahi. Mgonjwa tunamwambia "pole mama, pumzika". Amri ya namna hii haiudhi kwa sababu faida yote inamwendea anayeamriwa, na mwenye kuamrisha ndiye anayetumika. Pia kuna saa ya hatari. Mtu akifungua chupa ya dawa ya kupaka akaipeleka kinywani, sitafuti kiambishi. Napiga kelele: "Acha! Hiyo ni ya kupaka!"

Si kila -e ni ya upole, na hapa wengi huchanganya. "Mpe mtoto kijiko kimoja" ina -e, lakini ni amri kamili. Hiyo -e imekuja kwa sababu kuna *m-* ya mtendwa mbele ya kitenzi. Ushauri ni "umpe mtoto kijiko kimoja".

Vitenzi vifupi navyo vina mtego wake. Kunywa hugeuka *unywe* na *usinywe*, kula hugeuka *ule* na *usile*. "Ukunywe" na "usikule" nazisikia sana, hasa kwa wenzetu wa Nairobi, na kwenye mazungumzo ya kirafiki hazimdhuru mtu; ila kwenye maandishi zinamfanya msomaji atilie shaka na kile unachomshauri. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki mwishoni: *ujaribu, urudi, usisahau*.

Uwe unameza

Kuna umbo la tatu, nalo nalipenda kuliko yote.

"Punguza chumvi."
"Upunguze chumvi."
"Uwe unapunguza chumvi."

Mama wa miaka sitini aliyepikia familia yake tangu alipoolewa akiambiwa "punguza chumvi", anachosikia ni kwamba chungu chake kina kasoro. *Upunguze* ni afadhali, lakini kunaweza kueleweka kama jambo la mara moja: leo jioni nitapunguza, basi. *Uwe unapunguza* kunazungumzia mazoea. Kunakubali kwamba jambo lenyewe ni la polepole, na kwamba kuna siku itapita bila kutimia, kisha kesho yake ataendelea. Mtu hajisikii ameshashindwa kabla ya kuanza.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Dawa mseto ya malaria, ambayo huisha kwa siku 3, nasema *umeze*. Dawa ya presha au ya kisukari, ambayo mtu ataishi nayo, nasema *uwe unameza*. Upole na usahihi hapa vimekutana, kwa sababu umbo lenyewe linaeleza muda wa matumizi kabla sijautaja. Ukanushaji wake ni *usiwe*: "usiwe unaruka siku", "usiwe unakaa muda mrefu bila kula".

Lazima, inabidi, unapaswa, unatakiwa

Maneno haya watu huyatumia kama ndugu mapacha, na si mapacha.

*Lazima* haina mlango wa kutokea. Naiweka akiba. Mtoto akiletwa ana degedege, nasema "lazima afike hospitali sasa hivi", na mzazi anaona usoni mwangu kwamba hakuna mjadala. Nikiitumia *lazima* kwenye mafua ya kila siku, siku ya degedege nitabaki na neno gani?

*Inabidi* inasukumwa na hali ilivyo: mvua imenyesha, inabidi tusubiri. Haimlaumu mtu, na ni nzuri kwa ushauri usiopendeza: "inabidi urudi kupimwa tena". Kisarufi haina nafsi mbele, kwa hiyo "unabidi kurudi" si sahihi. Ni *inabidi urudi*, au *inakubidi urudi*.

*Unapaswa* ni neno la wajibu. Mwalimu analitumia, kiongozi wa dini analitumia, nao wana haki. Mimi nikilitumia kwa mtu aliyenizidi umri, linakuwa na harufu ya mahubiri. Ukilitumia, sema *unapaswa kumeza* au *inakupasa umeze*.

*Unatakiwa* naiona imedharauliwa bila sababu. Anayetaka hatajwi. Mteja anajua ni daktari, au cheti, au utaratibu wa kliniki, na mimi nabaki kuwa mjumbe tu. "Unatakiwa urudi kliniki baada ya wiki mbili" ni sentensi ya heshima kwa sababu haimweki kijana juu ya mzee. Lakini kama ushauri ni wangu mwenyewe na hakuna daktari aliyeutoa, kujificha nyuma ya *unatakiwa* ni kumdanganya mtu. Hapo nasema *naona ni vizuri*.

Siku hizi kuna *unahitaji*: "unahitaji kunywa maji mengi". Kuhitaji ni kupungukiwa na kitu. Mgonjwa anahitaji damu, mwanafunzi anahitaji daftari. Kwenye ushauri, "unywe maji mengi" inatosha na ni fupi zaidi.

Sasa nifike kwenye lile linaloniumiza. Mwenzangu mmoja, binti mwenye roho nzuri, alikuwa akimweleza mama mwenye mtoto anayeharisha. Vidonge vya zinki mtoto hupewa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Binti akasema, "Akiacha kuharisha, si lazima uache dawa." Alikusudia: usiache. Mama alisikia: ukitaka acha, ukitaka endelea. Na mama alisikia sawasawa, kwa sababu ndivyo sentensi ilivyosema.

"Si lazima uache" ni hiari.
"Hupaswi kuacha" ni katazo la kiasi.
"Lazima usiache" ni katazo kali.
"Usiache" ni katazo la moja kwa moja.

Binti aliikimbia *usiache* kwa kuogopa ukali wake, akaangukia kwenye hiari. Palepale nilimwita mama yule, nikamwambia, "Mama, hata akipona, uendelee kumpa mpaka siku ya kumi, usiache." Kukanusha ndiko mahali ambapo upole ukizidi hugeuka kosa. Ukitaka kulainisha katazo, lainisha kilicho pembeni yake, yaani jina unalomwitia mtu, sababu unayompa, sauti. Katazo lenyewe libaki zima.

Nakushauri, ningekushauri, ningekuwa wewe

"Nakushauri uache sigara."
"Ningekushauri uache sigara."
"Ningekuwa wewe ningeacha sigara."
"Waonaje ukiacha sigara?"

Ya kwanza ni ya wazi na haina ukali, nami naitumia bila kusita. Baada ya *nakushauri* weka *uache*. "Nakushauri kuacha" inasikika sana, lakini inafichaficha mtendaji, na kwa mtu unayemtazama usoni hakuna haja ya kumficha. Ya pili imepiga hatua moja nyuma. Inamfaa mtu aliyekuzidi cheo, au ambaye hakukuomba ushauri.

Ya tatu ni ya rika. Kijana mwenzangu nitamwambia "ningekuwa wewe", naye atacheka na kunisikiliza. Kwa mzee siitumii. Kijana kujiweka mahali pa mzee na kuamua kwa niaba yake, hata kwa kudhania, hakuleti picha nzuri. Badala yake husema "wewe mwenyewe wajua zaidi, mzee wangu, ila dawa hii..." na kuendelea.

Ya nne ni swali, na swali linataka jibu. Usiulize *waonaje* kama huko tayari kusikia "sioni haja". Mtu anayelalamika kifua kinambana na jasho linamtoka hatuulizani naye anaonaje, anapelekwa hospitali.

Kuhusu hiyo *-nge-*, pande zote mbili za sentensi ziwe na umbo moja: *ungemaliza dozi ungepona*. Kuchanganya *-nge-* upande mmoja na *-ngali-* upande wa pili huharibu maana, kwa sababu *-nge-* inauacha mlango wazi na *-ngali-* inaufunga. "Ungalimaliza dozi ungalipona" si ushauri tena. Ni lawama juu ya jambo lililokwisha kupita, na mgonjwa aliyerudi na homa ileile haifai kupokelewa nayo. Mpe *-ki-*: "safari hii ukimaliza dozi utapona". Kwenye kukanusha, *usingeacha* na *hungeacha* zote ni sahihi. "Haungeacha", kwa mtu mmoja unayezungumza naye, si sahihi, maana *ha-* na *u-* ya nafsi ya pili huungana kuwa *hu-*.

Kuiacha dawa iseme yenyewe

"Usimeze dawa hii kwa maziwa."
"Dawa hii haimezwi kwa maziwa."

Kuna dawa, kama zile za jamii ya tetrasaiklini, ambazo maziwa huzizuia zisiingie vizuri mwilini. Sentensi ya kwanza inamkataza mtu. Ya pili inaeleza desturi ya dawa, na mtu anajikataza mwenyewe. Kiswahili kimejaa kauli za namna hii, na adabu nyingi tumefundishwa kwazo tukiwa wadogo: chakula hakitukanwi, mkubwa hakatizwi maneno. Hakuna aliyenyooshewa kidole, na hakuna asiyejua anaambiwa nani.

Angalizo moja: baada ya kitenzi cha kutendwa, *na* humtaja mtendaji. "Dawa hii haimezwi na maziwa", ukiichukua ilivyo, inasema maziwa ndiyo hayaimezi. Sema *kwa maziwa* au *pamoja na maziwa*.

Ni umbo hili nililolitumia mwalimu wangu mstaafu aliporudi mwezi uliofuata. Nilisimama kwanza. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Nikamkabidhi vidonge, nikasema, "Dawa hii, mwalimu, haiachwi hata siku ukijisikia mzima. Uwe unameza asubuhi, baada ya chai." Akavuta kiti akakaa. "Na nikienda msibani Korogwe nikazisahau nyumbani?" Lilikuwa swali la kwanza. Yalifuata mengine manne, na dawa ya miguu ilikuwamo.

Kwa kijana mwenye haraka umbo hili linaweza kuwa refu bila sababu. Yeye anataka "usimeze kwa maziwa" na chenji yake. Mpe.

Kumwita mtu, na hilo neno wewe

Kabla ya kitenzi chochote, mtu ameshapima heshima yako kwa namna ulivyomwita. "Wewe unatakiwa..." ni kidole kifuani. Kiambishi *u-* kimeshamtaja. *Wewe* ya ziada ni ya kusisitiza au kugombeza. Iondoe, weka *mama, mzee wangu, mwalimu, fundi, dada, kaka*. Ukimjua kwa jina la mwanawe, "Mama Asha" inatosha.

*Bibi* inataka uangalifu. Hapa kwetu ni heshima kwa mwanamke mzee, lakini mama wa miaka hamsini aliyevaa vizuri akaitwa bibi na kijana wa dukani hatafurahi. Ukivuka mpaka, wengi nchini Kenya wanapotaja bibi wanamaanisha mke, na mama mzaa mama wanamwita nyanya. Ukiwa na shaka, *mama* haijawahi kunikosesha.

Kuna pia *tu-* ya wauguzi: "tumeze dawa yetu, bibi". Kwa mtoto ni tamu. Kwa mtu mzima mwenye akili zake naiona inamshusha, hata kama nia ni ya mapenzi, nami nimeiacha.

Tafadhali au naomba

Wengi wakiambiwa wawe na adabu huongeza *tafadhali*. Kwenye ushauri, *tafadhali* ina sauti ya tangazo la ukutani: tafadhali usikanyage majani. "Tafadhali meza dawa" bado ni amri, imevalishwa tu. *Nakuomba* ina nguvu nyingine kabisa. "Nakuomba, mama, umalize dozi" inaugeuza ushauri kuwa fadhila ambayo mkubwa anamfanyia mdogo, na wakubwa wetu hawapendi kumnyima mdogo alichoomba kwa heshima. Usiitumie kila siku, itachakaa.

Saa nane ipi?

Upole wote huu hausaidii kitu kama sentensi ina maana mbili. Dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa kila dozi, dozi 6, siku 3. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Sasa sikiliza:

"Dozi ya pili umeze saa nane."
"Dozi ya pili umeze baada ya masaa manane."

Mtu aliyemeza dozi ya kwanza saa 2 usiku akiambiwa sentensi ya kwanza, ataamka saa 8 usiku, saa 6 tu zikiwa zimepita, au atasubiri mpaka saa 8 mchana. Wako wanaolikataa neno *masaa* wakisema saa haina wingi wa *ma-*, nami nawaheshimu. Lakini kwenye dawa nalitumia, kwa kuwa hakuna anayeweza kulidhania kuwa ni saa ya ukutani. Bora zaidi ni kumfanyia hesabu: "ya kwanza umeze sasa, saa 2 usiku; ya pili saa 10 alfajiri; ya tatu kesho saa 2 usiku, kisha asubuhi na usiku mpaka ziishe." Naongeza kwamba hii humezwa baada ya chakula chenye mafuta kidogo, au kwa maziwa, maana hii si kama zile za tetrasaiklini.

Kwenye boksi naandika kwa kalamu: *Meza 4 saa 10 alfajiri.* Karatasini amri haimkwazi mtu. Haina macho wala sauti, na mgonjwa wa homa anataka maneno machache.

Kisha inabaki kujua kama ameelewa. Nilikuwa nauliza "Umeelewa?" na kila mtu alijibu ndiyo, kwa sababu kusema hapana ni kujitia aibu mbele ya foleni. Sasa nasema, "Nisaidie, mama, nirudishie nilivyosema, nisije nikawa nimekuchanganya." Kosa, kama lipo, linakuwa langu. Jana usiku mama mmoja alilishika boksi karibu na taa, akafuatisha mwandiko wangu kwa kidole. "Nne sasa hivi. Nne saa kumi, kabla ya adhana. Kesho nne saa mbili usiku." Akanyamaza, akaniangalia. "Asubuhi ya kesho hakuna?"

"Hakuna, mama. Kesho asubuhi upumzike."